Bata Bukini Aliyehudhuria Mazishi Yake

Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu nisiowajua. Ndugu zangu husema nimepata kazi ya kunifaa, maana tangu utotoni nilikuwa mtu wa "hapana, haikuwa hivyo." Msimuliaji akikosea rangi ya mbuzi, mimi namkatiza. Akikasirika, shauri yake. Mbuzi alikuwa mweusi.

Ofisi yetu iko mtaa wa Hai Cinema hapa Juba, chumba kimoja nyuma ya duka la nguo za watoto. Kuta tumezipiga magodoro ili ngurumo ya jenereta isiingie kwenye kinasa sauti, na inaingia vilevile. Humo ndani tunaitia sauti katuni moja ya zamani ya vichekesho, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, kisha kituo kimoja cha televisheni huionyesha jioni watoto wakishaoga. Ni hadithi ya familia inayouza miavuli katika mji ambao mvua hainyeshi. Baba ni mpumbavu, mama ni mkali, bibi ana jino la dhahabu, watoto ni watatu, na jikoni anaishi bata bukini anayejiona mwenye nyumba. Anayetuongoza kazini ni Mkenya wa Nakuru, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwenye sikio kali na mdomo usiotulia. Ananiita madam. Nikimkasirikia ananiita madam mara mbili zaidi.

Nusu ya utani wa katuni ile ni mambo ya kwao walikoichora. Baba anafungua redio, anaimba mwimbaji aliyevuma kwao enzi hizo, wao wanacheka, sisi tunabaki kutazamana. Basi mimi namtoa yule na kumtia mwanamuziki wa Kampala mwenye koo la kukwaruza. Jirani akitaja tamthilia yao ya mchana, naweka filamu za Kinaijeria zenye mjomba mchawi. Mashindano yao ya magari nayafanya mieleka, na mtoto wa kiume anayetamani kuwa nyota wa mchezo usiojulikana hapa, mimi namfanya mcheza mpira wa kikapu, maana Juba nzima siku hizi ni kikapu tu. Kazi hiyo naipenda. Ni kama kuhamisha jiko la mtu mwingine na kupanga sufuria upya.

Kazi ya pili ni makosa yenyewe. Nina daftari lenye jalada jeusi ambamo naandika kipindi, dakika na kosa. Ngazi ya nyumba ina vidato saba, kisha tisa. Jino la bibi liko kulia, kisha kushoto. Mtoto wa kati ametimiza miaka kumi mara tatu. Mtu atauliza, inawahusu nini? Inatuhusu, kwa sababu watazamaji wa Juba hawasamehi. Mzee mmoja wa Jebel alipiga simu akiwa na hasira za kweli: mlisema shangazi ameolewa, mbona leo anaposwa, mahari ya kwanza ilirudishwa lini? Tangu hapo kila kosa nalipaka plasta. Naongeza neno dogo mdomoni mwa mhusika, "tumebadilisha pazia," au "huyu alikuwa safarini," na mambo yanaendelea. Watu wanapenda kuelezwa.

Nilipopewa kazi hii nilisema kwa majivuno kwamba katuni ile ni rafiki yangu wa zamani. Niliiona utotoni kambini Uganda. Palikuwa na televisheni moja katika darasa la nyasi, ikiendeshwa kwa betri ya gari, na sanduku la kanda zilizoletwa na wafadhili. Tulitazama watoto mia, tumebanana, bila kuelewa neno, na kanda ziliwekwa kwa mpangilio wowote. Nilikumbuka muziki wake na miavuli, basi. Mwenye jicho la makosa kama mimi nilipaswa kushtuka hapo hapo, lakini nyani haoni kundule.

Sasa nieleze habari za Mama, kwa sababu jambo lenyewe ni lake.

Tulikimbia Juba nikiwa na miaka saba. Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda Torit kwenye msiba wa dada yake, vita vikafunga barabara nyuma yake, akabaki huko. Mimi na mdogo wangu wa kiume, wa miaka miwili, tulikuwa tumeachwa kwa mama mmoja jirani yetu, pale mtaani kwetu Kator. Watu walipoanza kuondoka tuliondoka naye, kwa miguu, siku nyingi, hadi tukavuka mpaka. Mama alitufuata kambini baada ya karibu mwaka mzima na kunikuta mimi peke yangu. Yule jirani alikuwa ameshakufa kwa kuhara na wengine tuliotembea nao walikuwa wametawanyika, kwa hiyo wa kuulizwa nilikuwa mimi tu.

Aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikamjibu kwamba alikufa kwa homa kabla hatujaondoka, tukamzika nyumbani, uani, chini ya dirisha la jikoni. Nilimweleza kila kitu kama mtoto anavyojua kueleza. Dirishani palikuwa na pazia la njano lenye picha za samaki. Kando ya shimo palikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Watu walijipanga mstari, wakapiga saluti, na mwanamume mmoja alishika mwavuli juu ya kaburi ingawa ilikuwa kiangazi. Mimi nilimwambia mdogo wangu, "Tutaonana kesho." Mama alilia sana, halafu akaniuliza habari za mwavuli mara ya pili. Ilimpoza kidogo kujua kwamba mtu alimkinga mwanawe na jua.

Miaka iliyofuata alinitaka nimsimulie tena na tena. Mara moja nilisema pazia lilikuwa la kijani. Alinishika hapo hapo: si ulisema njano? Mimi nikamwambia lilibadilishwa. Moyoni sikuwa nadanganya, maana nililiona kwa rangi zote mbili, njano na kijani, siku ile ile. Sikujua kwa nini.

Na kuna kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote. Katika kumbukumbu yangu, mdogo wangu yupo kwenye mazishi yale. Namaanisha yumo shimoni, na pia amesimama juu, mwisho wa mstari upande wa kulia, ametulia, anatazama mbele kama wengine. Hakuna anayemshangaa. Nilipokuwa msichana niliamini ni roho yake. Nilipokuwa mtu mzima nilijiambia siamini mambo hayo, ila tuliporudi Kator sikuwahi kuanika nguo upande ule wa ua, hata saa sita mchana. Naogopa kuandika hili hata sasa.

Tuliporudi baada ya amani tulikuta kiwanja kipo na nyumba haipo. Ilibaki misingi na kipande cha ukuta chenye urefu wa magoti. Mama alinishika mkono akasema, "Nionyeshe." Nikatembea juu ya misingi ile, nikakadiria jiko lilipokuwa, dirisha lilipokuwa, nikanyoosha kidole. Hapa. Mama akapiga magoti. Kesho yake alipazungushia mawe, na tangu siku hiyo, maji ya kwanza ya asubuhi kutoka kwenye mtungi yalimwagwa pale kabla ya mtu yeyote kunywa. Krismasi alimpelekea kipande cha mkate. Wajukuu walijifunza kutoruka mawe yale kabla hawajajifunza kusali. Watu wetu wengi wamewaacha maiti wao njiani, vichakani, kambini, mahali wasipoweza kurudi. Mama alikuwa na kaburi nyumbani kwake, na majirani walimwonea wivu kidogo, wakisema ana bahati.

Mwaka huu moyo wake umechoka. Daktari hakuzungusha maneno, na Mama naye hakuyazungusha. Alituita sote chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli, akasema atazikwa pale pale, kando ya mwanawe, mkono wake wa kushoto ukiwa upande wa mtoto, jinsi walivyokuwa wakilala. Mjomba, ambaye alikuwa na mpango wa kujenga chumba upande ule, alijaribu kukohoa. Mama akamwambia ajenge, lakini aanzie juu ya kichwa chake. Ikaamuliwa kaburi la mtoto litiwe saruji kabla ya mvua, nafasi ya Mama iachwe pembeni, na katekista aje kubariki. Fundi angekuja Jumamosi asubuhi.

"Utamwonyesha wewe," Mama aliniambia. "Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikasema ndiyo, Mama. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne tulifika kwenye kipindi ambacho bata bukini anakufa. Alimeza kifungo cha mwavuli, akayumba, akaanguka kwenye bakuli la supu, na watu wa kwao wakachekeshwa sana na supu. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nusu nasinzia kwa joto. Kisha picha ikahamia uani.

Nililiona dirisha la jikoni. Pazia la njano, samaki wadogo wa buluu. Chini yake shimo, na kando ya shimo ndoo iliyopinduliwa. Baba alitoka ndani akafungua mwavuli na kuushika juu ya shimo, jua likiwaka. Familia ikajipanga mstari. Wakapiga saluti.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga, nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa: nani amewapa ua wetu? Nilidhani kweli kwamba mtu fulani alikuwepo Kator siku ile, akaona, akaenda kuwachorea. Nilitaka kugombana naye.

"Madam, umeona pazia?" Mkenya aliuliza. Akairudisha nyuma, akaiachia tena. Bibi anapoinua mkono, pazia ni la njano. Yule mama wa katuni anapofuta pua, pazia ni la kijani. Baba anaposhusha mwavuli, la njano tena. "Waliishiwa rangi hawa. Andika."

Sikuandika. Nilikuwa natazama mwisho wa mstari, upande wa kulia. Nilijua nitakachokiona kabla sijakiona.

"Eh, cheki huyo!" Alicheka hadi akakohoa. "Bata yuko pale! Wanamzika, na amesimama na wafiwa. Wachoraji walisahau kumfuta. Madam, hii ni noma, amehudhuria mazishi yake mwenyewe."

Alikuwa pale kweli. Ametulia, anatazama mbele kama wengine, na hakuna aliyemshangaa. Ilidumu muda wa kupumua mara moja tu, kisha picha ikabadilika na mwisho wa mstari ukawa mtupu. Miaka yote tangu turudi nimekwepa kona moja ya ua wetu kwa sababu mtu fulani, ng'ambo ya bahari, alichoka akasahau kufuta mchoro.

Yeye hakuona kitu usoni kwangu. Alikuwa amekwisha ingia kwenye shida za kazi. Akanieleza kwamba eneo lote lile ni mzaha wa filamu ya zamani ya vita, ile nyeusi na nyeupe ambayo babu zao wote waliiona: askari wanamzika kapteni wao, mmoja anashika mwavuli, wengine wanapiga saluti, na mdogo kuliko wote anamuaga kwa maneno machache. Wao wakiona mwavuli tu wanaijua na wanacheka. Hapa hakuna anayeijua.

"Kwa hiyo tutafute mazishi yanayojulikana hapa," alisema. "Wewe mazishi ya kwenu utotoni unayakumbuka? Weka hayo."

Nikamwambia sikumbuki.

Ule ukawa mwanzo wa wiki mbaya kuliko zote nilizoziishi katika mji huu, na nimeishi nyingi. Dada anayetoa sauti ya mtoto wa kike alikuwa mgonjwa wa malaria, na kwa kuwa mtoto yule katika kipindi hicho ana sentensi moja tu, Mkenya aliniomba niisome mimi. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Msichana wa kwenye picha alisogea ukingoni mwa shimo, akafungua mdomo, na mimi nikasema, "Tutaonana kesho." Tulirudia mara nne. Kila mara aliponirudishia nisikie, sauti ilikuwa ya mtoto mdogo, nyembamba, na sikuamini kwamba imetoka kwangu. Akasema imetoka safi.

Katika kipindi kinachofuata bata bukini yuko jikoni anakula mkate. Hakuna aliyeuliza alirudi lini.

Jumatano na Alhamisi sikufanya kazi ya mtu. Nilijifungia na daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika kila ninachokumbuka kuhusu kifo cha mdogo wangu. Kulia niliandika mahali kilipo kwenye katuni. Ndoo, ipo. Saluti, ipo. Udongo uliopangwa kama mkate wa bofulo, upo. Mbwa aliyebweka mara mbili nje ya ukuta, yupo, kwenye kanda ya sauti. Hata mbu niliyemuua shingoni mwangu wakati wa mazishi, ambaye ningeapa mbele ya padri kwamba alikuwa wangu, nilimkuta: ni bibi anayempiga mbu. Kushoto kulikwisha. Nilikaa nikitazama ukurasa ule na kuhisi baridi kwenye chumba ambacho feni ilikuwa imekufa.

Nadhani naelewa ilivyokuwa. Niliiona kanda ile kambini katika mwaka ule nilipokuwa peke yangu. Mama alipofika na kuniuliza, nilikuwa na miaka minane na ndani yangu hapakuwa na mazishi mengine ya kumpa. Nikampa hayo. Sikusema uongo, na ndilo linaloniudhi zaidi, maana uongo ningeujua nikaukamata. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kuliko safari ya kwenda Uganda na kurudi, na niliitembea nikijiona mkweli.

Alhamisi jioni ndipo kilipokuja kitu kimoja ambacho katuni haikuwa nacho. Sikuwahi kukihesabu kama sehemu ya kifo chake, nilidhani ni cha siku nyingine. Hakikuwa cha ua wa Kator kabisa. Kilikuwa cha njiani, mbali, tukiwa tumeshatembea siku kadhaa. Nikakaa nacho hadi nikakielewa. Mdogo wangu hakufia nyumbani. Chini ya mawe ya Mama hapakuwa na mtu.

Ningeweza kulipaka plasta. Nani angejua? Ijumaa asubuhi nilimwambia Mkenya nusu ya habari, kana kwamba ni ya mtu mwingine, nikamwuliza angefanyaje. Akaacha utani kabisa. "Acha ipite, madam," alisema. "Watazamaji wameshaizoea." Ni mtu mwenye huruma na hakusema vibaya. Mama angefunga macho akiamini, saruji ingefunika, na mimi ningekuwa mtu pekee anayejua. Nilirudi nyumbani mapema nikiwa nimekata shauri kunyamaza.

Nilimkuta Mama amelala chini, uani, saa tisa mchana. Nikadhani ameanguka. Nilikimbia. Kumbe alikuwa ametandika mkeka kando ya mawe, amejinyoosha chali, miguu pamoja, anapima kama nafasi itamtosha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya udongo ndani ya mawe, unapigapiga polepole jinsi mtoto anavyopigwa mgongoni alale. Macho ameyafumba. Alikuwa anazungumza kwa Kibari, lugha yetu, kwa sauti ya chini, anamwambia asiogope kelele za mafundi kesho, anamwambia karibu atakuja.

Nilisimama pale nikiwa na mkoba begani. Mama alikuwa anazungumza na bata. Nilitaka kucheka na nilitaka kujipiga, na nikajua kwamba siwezi kumwacha alale pale miaka yote itakayokuja akimbembeleza asiyekuwepo. Lakini hata hapo sikusema. Niliogopa moyo wake. Niliogopa pia, nisijifanye mwema, kwamba ataniuliza mwanawe wa kweli yuko wapi.

Jumamosi fundi alifika na msaidizi wake na toroli. Ni mtu wa Uganda, mchangamfu, aliyekwisha changanya zege kabla hatujamaliza chai. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Katekista alikuwa anakuja saa nne. Fundi akachota koleo la kwanza, akanigeukia.

"Mama yangu, sasa hii sisi natia wapi? Wewe naonyesha."

Mama naye akanigeukia. Sikunyoosha kidole.

"Mama," nilisema, "hapo hapana mtu."

Hakuelewa. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti, nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza yote. Sikuongeza neno la kulainisha. Nilimweleza darasa la nyasi, betri ya gari, familia inayouza miavuli. Fundi alisimama na koleo lake, zege linadondoka, na hakuna aliyemwambia aondoke. Mama alinisikiliza bila kunikatiza, na mimi, mtu wa kukatiza, nilitamani anikatize.

"Pazia?" aliuliza nilipomaliza.

"La katuni."

"Na yule aliyeshika mwavuli?"

"Wa katuni, Mama."

Huyo ndiye aliyemuuma zaidi, niliona.

"Na uliyemwambia mtaonana kesho?"

"Sikumwambia yeye. Msichana wa katuni alimwambia bata."

Akatazama mawe yake. Udongo ulikuwa bado umelowa maji ya asubuhi ile. Nilidhani atanilaani, na ningekubali. Badala yake aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia bei ya samaki, mwanawe yuko wapi.

"Njiani. Upande wa Kajo-Keji, pale penye miti ya mitiki pande zote mbili. Mahali hasa sipajui, Mama. Sitapajua kamwe."

"Alikuwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu hilo ndilo pekee ambalo katuni haikuwa nalo.

"Na mimi," nilisema. "Nilikuwa nimembeba."

Nikamweleza. Jirani alikuwa na wanawe wawili wa kubeba, kwa hiyo mimi ndiye niliyefungwa mbeleko. Mdogo wangu alikuwa na homa na mgongo wangu ulikuwa unaungua, tunatembea, unaungua, halafu ukawa hauungui. Nikafurahi kwamba amepoa. Watu wakaniambia nimshushe. Nikasema amelala, msimwamshe. Wakaniambia tena, nikaendelea kutembea, na niliwapita hata wakubwa kwa mwendo. Nilimbeba hivyo hadi jua lilipoanza kushuka. Waliponishika kunifungua, fundo la mbeleko lilikuwa limekaza sana kifuani wakashindwa, wakalikata kwa kisu. Baada ya kisu sikumbuki kitu. Sikumbuki shimo, wala kama lilichimbwa.

Mama aliinuka. Kwa moyo ule aliokuwa nao alipaswa kuinuka kwa msaada, lakini aliinuka mwenyewe. Alinizunguka akaja nyuma yangu, mimi bado nimechuchumaa, akaweka kiganja chake kati ya mabega yangu, pale alipolala mdogo wangu. Kilikuwa cha moto. Alikiacha pale, kisha akaanza kupigapiga polepole.

"Mama yangu," fundi aliita kwa upole, "hii itakauka."

"Mpe mjomba ajengee chumba chake," Mama alimjibu bila kugeuka. Kisha akaniambia mimi, karibu na sikio, "Mimi nikifa, nisizikwe mbali na wewe."